Gari la Wanyoike Kilimani

Mashine ya Sunny ilisema gari halina ugonjwa. Ilikuwa imesema hivyo wiki iliyotangulia, na nyingine kabla ya hiyo, na kila mara Wanyoike alikuwa amelipa ili aambiwe kwamba hana shida. Sasa alisimama kando ya gari lake jeupe, koti limefungwa vifungo vyote, akaikazia macho ile mashine kama shahidi aliyemgeuka mbele ya chifu.

"Hakuna kitu, mzee," Sunny alisema, akachomoa waya chini ya usukani. "Kompyuta ya gari haina kosa hata moja. Iko clean."

"Clean? Jumapili imenikwamia kwa kilima ya Subukia! Taa ya manjano ikawaka hapa. Nakanyaga, nakanyaga, gari inatambaa tu."

"Ukaizima?"

"Nikaizima, nikawasha, ikaenda kama hakuna kitu. Mbele kidogo, tena."

"Na leo?"

"Leo iko sawa," Wanyoike alikiri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Jioni gari lilimwaibisha. Asubuhi akilileta gereji, lilikuwa na adabu kuliko mtoto wa kasisi. Tena alikuwa ameliosha. Wanyoike hakuwahi kupeleka gari chafu kwa fundi, kwa maana hata daktari haendewi bila kuoga.

Mzee Balbir, babake Sunny, alikuwa ameketi mlangoni na kikombe chake cha chai. Ndiye aliyeifungua gereji hiyo, ndiye aliyeitibu Peugeot ya Wanyoike miaka yote hadi ilipouzwa, na Kikuyu chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wa Wanyoike. Siku hiyo alichagua Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Wanyoike, pengine gari haina shida. Pengine shida iko kwa dereva. Hiyo mashine ya Sunny haisomi dereva."

Vijana wawili waliokuwa wakifunga spika za kampeni juu ya pikapu walicheka hadi wakaacha kazi. Mwaka huo wa 2007 kila gari mjini Nakuru lilikuwa na mheshimiwa wake wa kumpigia kelele, na gereji ilijaa watu wasiokuwa na la kufanya ila kusikiliza. Wanyoike alilipa, akaingia garini, akaondoka taratibu, akiliomba likwame pale pale mlangoni ili waone. Halikukwama.

Siku nyingine angecheka nao. Lakini Jumamosi Cate, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa kanisa la kule Subukia, kwao bwana harusi, na tangu akiwa mdogo alikuwa amesema ataendeshwa na baba yake siku hiyo. Kati ya nyumba na kanisa kulikuwa na kilima.

*

Nyumbani kwao mtaani Section 58, Lewis alikuwa amefika kabla yake. Lewis alikuwa shemeji yake, kaka mdogo wa mkewe Wangui, mwenye duka la mabati na saruji na Mercedes nyeusi ambayo aliiegesha mahali ambapo ni lazima uipite ukiwa mwembamba. Cate alikuwa sakafuni akikata utepe wa harusi. Wangui alikuwa akimimina chai.

"Baba Cate, wamesemaje?" Wangui aliuliza.

"Wamesema iko sawa."

"Mungu asifiwe."

"Lakini haiko sawa."

Wangui aliweka birika chini. "Sasa tuamini nani? Mashine ama wewe?"

"Mimi naamini Mzee Kiprugut," Lewis alidakia. "Yeye ndiye alisukuma."

Hata Cate alishindwa kujizuia. Ilikuwa hivi: Jumapili Mzee Kiprugut, babake bwana harusi, alikuwa anakuja na mke wake kumalizia mipango. Wanyoike akajitolea kwenda kuwachukua, kwa sababu gari lilikuwa bado jipya machoni pake na alitaka likaliwe na watu wa maana. Wangui alimwonya. Wakwe huja wenyewe, alimwambia, upande wetu unangoja nyumbani na chai; ukienda kuwabeba watadhani tunaharakisha kumtoa mtoto. Wanyoike akaenda. Katikati ya kilima gari lilikata pumzi, na Mzee Kiprugut, ndani ya suti ya rangi ya maziwa, akashuka bila kuombwa na kulisukuma kwa mikono miwili, huku mkewe akiwa ndani na mkoba mapajani akitazama mbele kwa heshima. Hawakusema neno baya. Mzee aliuliza tu, baadaye, kama kuna mahali anaweza kupangusa viatu.

"Baba, unajua nataka ni wewe," Cate alisema, ameinamia utepe. "Lakini na ile nguo, tukikwama pale..." Hakumaliza.

"Basi tukubaliane," Lewis alisema. "Kufikia Alhamisi jioni, kama gari halijapona, bibi harusi anaingia Mercedes. Na wewe shemeji utakaa mbele na mimi. Hakuna shida."

Wanyoike alijiona amekaa mbele na Lewis, mkanda umemfunga kifuani, mikono haina kazi, akipelekwa kwenye harusi ya mtoto wake kama mzigo mwingine wa saruji. Akanywa chai ikiwa moto.

Lewis alipoondoka, Wangui alimfuata mumewe hadi barazani. "Niambie ukweli. Hii gari uliikataa tangu siku ya kwanza. Ulilia Peugeot ikienda."

"Sikulia. Ilikuwa vumbi."

"Vumbi gani, na ilikuwa inanyesha?"

Wanyoike alishughulika na kifungo cha koti.

"Basi sikiza," Wangui alisema. "Sijasema unaiharibu. Nasema gari inakwama ukiwa peke yako, ama ukiwa na watu wasioweza kukuuliza. Fundi hajaona. Mimi sijaona. Kesho tunaenda wote."

"Unaenda kufanya nini gereji?"

"Kuona."

Wanyoike alitoka kwenda kulifunga gari, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko inavyowachukua watu wengine, kisha akarudi ndani kunawa mikono.

*

Jumatano asubuhi Wangui aliingia gereji na kitambaa chake kizuri cha kichwa. Balbir alisimama kumpisha kitini, jambo ambalo hakuwa amewahi kumfanyia Wanyoike.

Sunny alifungua mlango wa gari, akachomeka mashine, akangoja. Hakuna kosa. Alikuna ndevu. Kisha, badala ya kuchomoa waya, aliinama akatazama karibu na redio.

"Mzee, hii saa yako inasoma saa saba na dakika ishirini. Sasa hivi ni saa nne asubuhi."

"Saa za hizi gari ni mbovu," Wanyoike alisema.

"Wiki jana pia ilikuwa saa saba na kitu. Nilidhani ni mimi nimeguza."

"Itakuwaje sawa?" Wangui alisema kutoka kitini. "Si mwenyewe hulala na betri?"

Hata wale wa spika walishuka kwenye pikapu.

"Hulala na nini, mathe?" Sunny aliuliza.

"Si betri yote. Kile kichuma cha kushika waya juu ya betri. Kila jioni anafungua na spana, analeta kwa nyumba, anaweka chini ya mto. Asubuhi anarudisha. Wezi wasichukue gari. Na Peugeot ilikuwa hivyo hivyo."

Balbir aliegemea ukuta, akaanza kucheka kimyakimya, tumbo likimtikisika. "Ni kweli! Uzi ya skrubu ya hicho kichuma cha Peugeot ilifunguliwa kila siku mpaka ikaisha."

Sunny hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha dereva, mikono kichwani, kwa namna ya mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaupata mfukoni. "Mzee. Peugeot haikuwa na kitu ya kusahau. Hii iko nayo. Gari ikikosea, kompyuta inaandika kosa mahali. Ukitoa moto ya betri usiku mzima, inafutika yote. Saa inarudi mwanzo, saa saba kamili, na makosa yanaenda. Kila asubuhi unaniletea gari imesahau."

"Kwa hivyo inakwama kweli?" Wangui aliuliza.

"Sijui kama inakwama. Najua tu mimi siwezi kuona. Twende kilimani na mashine ikiwa ndani."

*

Wanyoike alishika usukani. Sunny alikaa kushoto na mashine mapajani, Wangui nyuma katikati, ameshika viti vyote viwili ili asikose lolote. Njia ya tambarare gari lilienda vizuri sana, na kadiri lilivyokwenda vizuri ndivyo Wanyoike alivyozidi kuloa jasho.

"Hapa hakuna waya ya chuma ya kuvuta injini kama zamani," Sunny alieleza, akionyesha pedali. "Ukikanyaga unatuma tu habari. Kwa pedali kuna sensa mbili, zote zinaambia kompyuta mguu umefika wapi. Zikisema kitu kimoja, kompyuta inafungua hewa, injini inavuta. Zikikosana, haiamini yeyote. Inakuachia nguvu kidogo tu ya kukufikisha nyumbani."

"Ni kama kuuliza bibi na bwana pesa imeenda wapi," Wangui alisema.

"Sasa umeelewa kuliko mzee."

Kilima kilianza. Kwenye mashine namba mbili zilipanda pamoja, moja ikifuata nyingine. Wanyoike alikanyaga. Zikapanda. Lori la kabichi lilikuwa mbele, akataka kulipita, akakanyaga mpaka chini, na ghafla namba moja ikaanguka huku nyingine ikibaki juu. Taa ya manjano ikawaka. Gari likalegea, likaanza kutambaa kando ya barabara, na mkokoteni wa punda uliobeba mitungi ya maji ukawapita, mwenye punda akiwasalimia.

"Haya!" Wanyoike alipiga kelele, akaachilia usukani kwa furaha. "Mmeona? Mmeona! Mama Cate, umeona?"

"Nimeona. Shika gari."

"Nilisema! Niliwaambia inakwama!" Uso wake uling'aa. Ni nadra mtu kufurahi hivyo kwa kuharibikiwa, lakini kwa majuma mengi hakuwa ameaminiwa na mtu, na sasa mkewe mwenyewe alikuwa shahidi. Wangui alimtazama, akacheka naye, na kwa kitambo kidogo walikuwa na raha tupu pale ukingoni mwa barabara, wakipitwa na kila kitu.

"Usizime," Sunny alisema. "Sasa imeongea. Inasema sensa mbili za pedali zimekosana. Lakini pedali yenyewe inaweza kuwa nzima. Wacha niangalie waya."

Alizunguka upande wa dereva, akapiga magoti kwenye changarawe, akaingiza kichwa chini ya usukani. Alitikisa fungu la waya. Namba iliyoanguka ikaruka juu. Akatikisa tena, ikaanguka. Akanyanyua zulia.

"Mzee, hii ni nini?"

Ilikuwa swichi ndogo nyeusi, imefichwa chini ya zulia karibu na pedali, na waya zake zilifungwa kwa tepu ya bei rahisi iliyoanza kubanduka.

"Hiyo ni cut-out," Wanyoike alisema polepole.

"Ya kuzuia wezi?"

"Eeh. Usipoibonyeza gari haiwaki."

"Ulifungiwa na nani?"

"Kuna fundi mmoja pale nyuma ya soko. Alifanya haraka."

"Naona. Alichuna waya nne akitafuta moja. Hii ya sensa ya pedali ameikata nusu, inashikwa na nyuzi mbili tatu. Tambarare haina shida. Kwa kilima ukikanyaga sana, kiatu kinavuta hizi waya, inaachia." Sunny alitoa kichwa nje. "Kwa hivyo hii ugonjwa umenunua, mzee. Na kila jioni ulikuwa unafuta ushahidi."

Angecheka, lakini alimwona Wangui, akarudisha kichwa chini ya usukani na kuanza kuwa na kazi nyingi.

Wangui hakuwa akicheka tena. "Iko hapo tangu lini?"

"Tangu tununue."

"Siku ile mama alizidiwa, na wewe uko Gilgil. Nikaingia kwa gari, nikawasha, ikakataa. Nikawasha tena. Nikakupigia simu. Ulinijibu aje?"

Wanyoike alitazama shamba la mahindi ng'ambo ya barabara.

"Uliniambia pengine nimesahau vile gari huwashwa. Nikampeleka mama hospitali na baiskeli ya boda boda, kwa mvua, yeye moja na mimi nyingine. Na baadaye nikarudi kwa yule mwalimu wa driving kumuuliza nimekosea wapi. Nikamlipa! Nilidhani ni mimi."

"Nilisahau kukuonyesha."

"Mwaka mzima?"

"Ilikuwa ni wezi, Wangui. Sikuwa na maana..."

"Wezi na mimi."

Alilisema bila kupaza sauti. Wanyoike aliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya gereji ambayo mtu huipangusa kwa kucheka. Alikuwa amemficha mwizi asiyejulikana swichi, na mtu pekee iliyemzuia alikuwa mke wake akiwa na mama mgonjwa mikononi.

Sunny aliikata swichi, akaziunganisha waya kwa muda, akalizima gari na kuliwasha. Taa ya manjano ikabaki imewaka, lakini nguvu zilirudi. "Imeshika mpaka gereji. Huko nitachomea vizuri na kufuta taa."

Wanyoike alishuka. Alizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akamnyooshea Wangui ufunguo.

"Endesha wewe."

"Mimi?"

"Si leseni unayo?"

Wangui aliuchukua ule ufunguo kana kwamba anapokea chenji pungufu. Aliendesha kilima chote kushuka hadi Nakuru, na aliendesha vizuri, ingawa mumewe alishikilia mpini wa mlango njia yote na mguu wake wa kulia ulikanyaga breki ambayo haikuwepo. Sunny alisoma mashine yake kiti cha nyuma kwa makini sana, japo ilikuwa imezimwa.

Balbir alipoelezwa, aliifikiria sana habari hiyo. "Wanyoike," alisema mwishowe, "mwizi atafanya nini na gari ambayo haipandi kilima?"

*

Alhamisi walipanda tena kilima, Lewis akiwafuata na Mercedes yake kwa usalama, kama alivyosema. Gari lilipanda. Lewis alishuka kule juu, akalizunguka, akalipiga teke tairi moja.

"Sawa," alisema. "Lakini Jumamosi nitakuwa nyuma yenu tu. Huwezi jua."

Usiku huo na uliofuata betri ililala nje ikiwa nzima. Wanyoike alilala vibaya. Wangui alilala vizuri, amempa mgongo, kwa sababu alikuwa bado hajamsamehe na hakuwa na haraka. Alimjibu alipoulizwa, akampakulia chakula, na ufunguo akauweka kwenye mkoba wake. Asubuhi ya Ijumaa alilichukua gari peke yake kwenda kununua maua, akakaa huko saa nyingi kuliko zinavyohitajika kununua maua.

*

Jumamosi jua lilitoka mapema. Utepe ulifungwa, maombi yakasemwa, mashangazi wakapiga vigelegele hadi majirani wakatoka na miswaki mdomoni. Cate aliingia kiti cha nyuma na nguo yake yote, ikajaa gari mpaka kwenye vioo. Wangui alifungua mkoba, akampa mumewe ufunguo bila kumtazama, akakaa mbele kando yake.

Walitoka mjini, Mercedes nyuma yao, na nyuma ya Mercedes msururu wa magari ya watu waliohitaji kuonekana. Kilima kilipoanza Cate alishika kiti cha mbele kwa mikono yake yenye glavu nyeupe. Wanyoike alikanyaga, gari likavuta. Lilipita mahali Mzee Kiprugut aliposukumia. Lilipita lori. Kona moja, nyingine, linapanda tu, injini ikiimba, na kule juu pakaanza kuonekana anga tupu mahali barabara inapoishia kupanda na kuanza kuteremka kuelekea kanisani.

Hapo gari likapunguza mwendo.

Likapunguza tena. Nyuma Lewis akapiga honi.

"Baba?" Sauti ya Cate ilikuwa nyembamba. "Imeanza tena?"

Wangui alitazama haraka mbele ya usukani, akitafuta taa ya manjano. Hapakuwa na taa yoyote. Akatazama chini, kwenye pedali, akaona kiatu cheusi kilichopigwa rangi kimekaa kando, juu ya zulia, hakigusi kitu. Kisha akamtazama mumewe usoni, mashavu yameloa, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano kumtazama hivyo. Safari hii hapakuwa na vumbi wala mvua ya kusingizia.

"Gari iko sawa, Cate," Wangui alisema. "Ni baba yako ametoa mguu."

Cate aliupitisha mkono wake wenye glavu nyeupe juu ya kiti, akauweka begani mwa baba yake, akauacha hapo.

Lewis alipiga honi tena, kwa nguvu zaidi, na wa nyuma yake wakamsaidia. Wangui alishusha kioo, akatoa mkono nje mpaka kwenye kiwiko, akawaashiria wote wapite.